Nyumba ya Afande Akello si Yangu

Kampala,
Jumapili mchana.

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kifua kimetulia, na goti la Mama limempa nafasi ya kwenda kanisani bila kushikwa mkono. Mimi ni mzima, ila sauti imekauka kwa kugombana na mafundi miezi mitano mfululizo. Nampa barua yule mama wa Sirari anayekuja kununua mitumba hapa soko la Owino. Ameahidi kuifikisha Tarime mkononi mwako.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Alhamisi ulipopiga hukuuliza hata nimeamkaje. Ulianza na "Hongera, mwenye jumba la Kampala," halafu ukataka kujua kwa nini mtu mwenye jumba anashindwa kumtumia baba yake hela ya mabati. Nikapandisha sauti, ukakata simu. Kwa kupandisha sauti naomba radhi. Lakini jumba, Baba, sina. Ninacho chumba kile kile cha Katwe, ukuta mmoja na watu wanaogonga masufuria tangu alfajiri. Aliyekuletea habari alichukua nusu ya maneno akaacha nusu. Nakupa yote.

Unajua nashona mapazia. Kwa kazi hiyo nimeingia nyumba nyingi za watu wanaohamia, na mara nyingi nimekuta mtu kanunua nyumba mbovu, kaipiga lipu na rangi, kaiuza kwa bei ambayo mimi singeipata kwa mapazia ya maisha yangu yote. Nikajiuliza, hawa wana nini ambacho mimi sina?

Wana mkopo, ndicho walicho nacho. Nikaenda benki. Yule kijana wa dirishani akaandika jina langu kwenye kompyuta, akaniangalia kama mtu aliyeiba. "Madam, una deni mbaya." Deni gani? Lile nililomdhamini mwenzangu wa kibandani, aliyechukua hela ya kununua cherehani akahamia Juba na simu ikazimwa. Wewe uliyekuwa karani wa ushirika unajua mdhamini ni nani: ni mtu anayelipa chakula ambacho hakula. Nilikuwa nalipa kidogo kidogo, lakini kompyuta haioni kidogo kidogo. Nikatoka. Mkopeshaji mmoja wa Kabalagala akaniambia atanipa siku hiyo hiyo, ila riba yake ya mwezi nilipoisikia niliinuka kabla soda haijafunguliwa.

Ndipo nikakutana na Afande Akello. Ni mama wa Lira, kaskazini huko, polisi mstaafu. Mumewe alikuwa mwanajeshi, amefariki. Aliniita nimshonee pazia moja tu, la kuficha ukuta wa sebule. Nikamwambia, mama, huu ukuta hauhitaji pazia, unahitaji fundi. Ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Nyumba ipo nyuma ya Kabalagala, mahali pazuri, lakini maji ya jirani wa juu ya mteremko yote yalikuwa yanaishia kwake, na bati lilikuwa limetoboka. Alitaka kuuza arudi kwao. Wanunuzi walikuwa wakija, wakinusa, wakiondoka.

"Mimi nataka milioni sitini tu," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kambini. "Hapana ongeza, hapana punguza. Nataka kwenda nyumbani kulima simsim." Simsim ni ufuta wetu.

Nikamwambia ukweli wangu. Sitini sina. Nina nne. Nikupe hizo nne leo, uhamie Lira. Nyumba ibaki kwa jina lako. Niitengeneze kwa gharama yangu, niitafutie mnunuzi ndani ya miezi sita. Siku ya kuuza uchukue hamsini na sita zako kwanza, kitakachozidi kiwe changu. Nikishindwa, unabaki na nyumba yako, matengenezo yangu, na zile nne.

"Wewe mama iko wazimu kidogo," akasema. "Lakini hapana mwizi." Tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ambaye huku wanamwita LC, na mashahidi wawili. Kwa hiyo, Baba, hata siku moja nyumba ile haikuwa yangu.

Zile nne zilikuwa akiba yangu yote. Za matengenezo nilizikusanya kama mtu anayeokota kuni. Kikundi chetu cha upatu cha Owino kilinipa zamu ya mwanzo, na wenzangu wawili wakaninunia mpaka leo. Niliuza cherehani mbili kati ya tatu. Duka la vifaa likanipa saruji na mabati kwa mkopo, kwa sababu mke wa mwenye duka namshonea. Madirisha nilimwendea fundi wa vyuma wa hapa Katwe, tunamwita Ssalongo maana ana mapacha. Akakubali kulipwa nyumba ikiuzwa. Moyo anao. Ila sijui kesho yake huwa inaanza lini.

"Nareta kesho, nyabo." Nyabo ni mama, kwa Kiganda chao.

"Ssalongo, ulisema hivyo Jumatatu."

"Eh, lakini hii kesho ni ya kweri."

Wiki tatu, Baba! Bati lilishaezuliwa, madirisha hakuna, mvua za Aprili zinamwagika, na mimi nimesimama sebuleni nimeshika ndoo. Fundi wa lipu naye aliondoka na mifuko sita ya saruji kwenda kumzika shangazi, na baadaye nikamkuta anapiga lipu nyumba ya mtu mwingine mtaa wa tatu. Nilimwuliza kama shangazi ameshafufuka. Watu walicheka; mimi sikucheka. Nililia nilipofika chumbani, nikavua viatu vyenye matope, nikafikiria kurudi Tarime na cherehani moja.

Kilichonibakiza ni yale maji. Kila fundi alisema nipandishe ukuta mrefu. Mimi nilikaa siku nzima ya mvua nikiangalia maji yanavyotoka kwa jirani, nikaona hayaji moja kwa moja. Yanakusanyika kona moja kwanza. Nikamwendea jirani, nikamwomba kwa adabu zote, tukachimba mfereji kuanzia kona ile mpaka barabarani, nusu upande wake, nusu upande wetu. Ukuta ukakauka. Hiyo akili sikufundishwa na fundi yeyote.

Mwezi wa tano dalali akaleta mwalimu na mkewe. Wakazunguka nyumba, hawakunusa. Wakasema milioni tisini.

Siku tatu baadaye akatokea Ogwal, mtoto mkubwa wa Afande. Mama yake alipokuwa analala chini ya bati bovu sikuwahi kusikia jina lake. Sasa alisimama mlangoni mbele ya wanunuzi wangu, akasema mama yake ni mzee, alidanganywa na mgeni kutoka Tanzania, na nyumba haiuzwi chini ya mia na ishirini. Mwalimu akafunga daftari lake. Dalali akaanza kuninong'oneza nimpe chochote aondoke. Nikakataa.

Nikampigia Afande. Hakuniuliza mengi. Alipanda basi kutoka Lira, akafika kwa mwenyekiti amevaa viatu vyake vya zamani vya kazi, vimepigwa rangi. Mwenyekiti akasoma karatasi. Ogwal akaanza, "Mama, hii karatasi..."

"Nyamaza!" Afande akasema. "Hii nyumba ilikuwa nanyesha ndani kuliko nje. Wewe ulikuwa wapi? Mimi nilitia sahihi na mkono yangu. Nilikuwa polisi miaka mingi sana. Hapana sahihi kitu usiku, kukataa asubuhi."

Ogwal akatoka nje, akasimama kwenye jua. Nilidhani nitafurahi kumwona hivyo. Badala yake niliona aibu, maana mama yake alikuwa ameanza kulia kimya kimya, anajifuta kwa kiganja.

Lakini madhara yalishafanyika. Mwalimu akasema nyumba yenye ugomvi hailipiwi tisini. Tukamalizana kwa themanini. Afande akapokea hamsini na sita zake, akazihesabu mara mbili, akanishika bega. Zangu zikagawanywa kabla hazijapoa: dalali, duka la vifaa, kikundi, Ssalongo. Halafu nikaenda benki nikalimaliza lile deni la mwenzangu wa Juba lote. Unajua yule kijana wa dirishani aliniambiaje? "Sasa madam unafaa kwa mkopo." Nilimwambia aniache nikanywe chai kwanza.

Nimenunua tena cherehani moja. Kilichobaki ni kidogo, na humo ndani ya barua kuna bahasha ya hela ya mabati yako. Hayatoshi nyumba nzima. Yanatosha upande wa chumba chenu. Usimpe fundi hela yote kabla hajamaliza.

Msalimie Mama, mwambie sijakonda kama alivyosikia. Msalimie Kaka Marwa, na umwambie aliyesema nina jumba aje anionyeshe liko wapi. Shangazi wa Nyamongo msalimie sana, na mke wa Baba Mdogo aliyejifungua, nguo za mtoto zinakuja. Mchungaji asiache kunitaja.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, simu ikalia. Ni Afande, kutoka Lira. Jirani yake wa huko ana nyumba hapa Nsambya, imekaa bila mtu, dari imeanguka, na Afande keshamwambia iko mama moja Katwe, kichwa ngumu, lakini mtu ya haki. Nikamwambia hapana, Afande, nimechoka, mgongo unaniuma, nimerudi kwenye mapazia yangu. Nikakata.

Kesho asubuhi nitapita huko niiangalie. Kuangalia tu, Baba.

Binti yako akupendaye,
Bhoke