Kura ya Kondoo Waliolowa

Shamba la Yarralong,
S.L.P. 14, Hay.
Jumatatu, 12 Agosti 1974

Mdogo wangu mpendwa Lindsay,

Habari za huko Hobart? Kile kikohozi kimekuachia? Wifi yangu Joyce hajambo? Sisi tu wazima, ila mimi nina hasira hadi chai hainishuki. Usinicheke kwa mwandiko huu, vidole vimekakamaa na utaona sababu.

Mvua imenyesha wiki nzima. Kondoo majike wanakaribia kuzaa, manyoya yamejaa maji, na jike mzito hivyo akianguka chali hainuki tena. Kila asubuhi Baba anamkuta mwingine amekufa na mwanawe tumboni.

Ijumaa jua likatoka. Wanyoaji saba walioletwa na mkandarasi wakanyoa kondoo wawili wawili, kama desturi, kisha wakatia kura kwenye kofia: kondoo wamekauka au bado wamelowa. Wanne wakasema wamelowa. Wengi wakisema hivyo hakuna anayenyoa; basi, kazi ikafa, na mkandarasi akawapangia shamba jingine kuanzia leo.

Na unajua mmoja wa hao wanne ni nani? Shemeji yako Vern! Mume wangu mwenyewe! Aliniambia bila haya, huku anakula mchuzi wangu: "Beryl, walikuwa wamelowa. Niseme uongo kwa sababu ni kondoo wa baba mkwe? Nikinyoa manyoya mabichi nikatoka majipu kama mwaka jana, utayauguza wewe?" Nikamwondolea sahani.

Jana manyoya yalikuwa makavu kabisa. Vern akaenda kwenye banda la kunyolea, akawasha mashine. "Mzee, leo nanyoa bure mpaka giza."

Nikadhani yamekwisha. Thubutu! Baba akaizima. "Hanyoi mtu Jumapili kwenye banda langu. Enzi zangu za unyoaji, mimi na chama tuligoma msimu mzima kuipata siku hii ya mapumziko, tukaishi kwa nyama ya sungura."

"Lakini kondoo ni wako, Mzee!"

"Ndiyo, na banda pia."

Wakaketi kwenye ngazi, wamenuna wote wawili, kila mtu na haki yake. Na kule malishoni naona jike yuko chali, anarusha miguu. Jamani, Lindsay! Nilitaka kulia. Nikawaambia, "Mimi ni mpishi. Sina chama, sina kura. Nipisheni!"

Nikamwinua yule jike, nikamburuta bandani, nikawasha mashine. Huyo wa kwanza nilimharibu, maskini, alitoka kama mkate uliogugunwa na panya. Vern akainuka ngazini. Kisha akaanza kunitilia makali visu vya mashine. "Kutia makali siyo kunyoa, Mzee," akasema. Baba naye akachukua ufagio, akawa anafagia manyoya miguuni pangu.

Hadi jua kuzama nilikuwa nimenyoa kumi na tisa. Wamebaki zaidi ya mia mbili, Vern ameondoka alfajiri na wenzake, na mgongo wangu hauwezi tena. Wewe ulikuwa mnyoaji hodari kabla ya kazi ya benki na tai shingoni. Baba hatakuomba, unamjua alivyo. Mimi nakuomba. Njoo.

Nisalimie Joyce sana, na Shangazi Edna. Mungu awape afya na hali ya hewa iliyo bora kuliko yetu.

Sasa hivi Baba amepita nyuma ya kiti changu, ameuliza kama bado unavyo vile viatu vyako vya kunyolea. Hakusema kwa nini.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Beryl