Nyuzi Nyeupe Mkononi mwa Mama

Ban Nong Khwao, 15 Aprili

Kaka Khamsing,

Amphon, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, alisema jana hekaluni, watu wakisikia, kwamba mama anafungwa. Ni kweli. Ninayemfunga ni mimi, kwa kitambaa, kwenye mguu wa kitanda.

Hujambo lakini? Goti limepona? Huku ni joto tu, naandika kwenye simu usiku.

Tulikuwa tunawamwagia wazee maji mikononi na kuwaomba radhi za mwaka mpya, kama kila Aprili. Mama nilikuwa nimemfunga mkononi nyuzi za baraka nyingi mno, ili zifiche alama za kitambaa. Zilipolowa, zikateremka. Amphon akauliza, "Mama Bunlai, nani kakufanya hivi?" Mama akacheka: "Wananizuia nisifuate nyati." Na nyati wetu wa kulimia tuliwauza zamani.

Nikienda kung'oa mihogo hana wa kukaa naye. Mara mbili ametolewa mferejini.

Mdogo wako,
Wanphen

Taichung, 17 Aprili

Wanphen,

Mimi mzima, goti pia. Habari nilishazipata. Binamu Sompong alinipigia akicheka, "Kumbe kwenu mnafuga mama!" Wenzangu walisikia, sasa bweni zima la kiwanda huku ugenini linajua. Huna haya? Mwambie Amphon ni upele, yaishe.

Kaka yako

Ban Nong Khwao, 18 Aprili

Kaka,

Salamu. Mama amekula vizuri leo.

Nilisema ni upele. Amphon akanijibu, "Dada, upele naujua. Usinifanye mtoto."

Ulipokuja likizo ulimkuta amefungwa. Ulivuta pazia, ukasema majirani wasione. Hukuuliza anakunywaje maji. Sikubebeshi langu, mafundo nilifunga mwenyewe, na nilijua yanamuumiza.

Amphon anataka tukae naye sote wawili, tupange nani atakuwa na mama mchana. Tusipofika, ataomba mama apelekwe makao ya wazee mjini. Nijibu.

Mdogo wako

Ban Nong Khwao, 29 Aprili

Kaka,

Simu hupokei. Amphon amekuja tena. Simfungi tena mama. Namchukua shambani, anakaa kivulini, ananitukana. Jana aliuliza kama wewe ni mzima. Nikasema ndiyo, bila kujua.

Wanphen

Taichung, 3 Mei

Mdogo wangu,

Ni mzima. Msalimie mama.

Nilikaa kimya kwa sababu ya lile pazia. Nilitaka kukuandikia kwamba siku ile nilikuwa nawahi basi. Basi lilikuwa la jioni. Nilikaa sebuleni mchana kutwa, namsikia akiita, nikaongeza sauti ya televisheni.

Juzi nimeomba ruhusa. Msimamizi akauliza, "Mama ana nini?" Nikasema ameanguka. Hata kwa mtu asiyemjua mama nilishindwa kusema kweli.

Nitafika tarehe 11. Mwambie Amphon kikao kiwe tarehe 12 Mei, saa tatu asubuhi, kituo cha afya. Mimi ndiye nitakayeanza kusema.

Kaka yako