Magodoro Manne ya Kokubanza

Jumatatu, 9 Aprili 1951

"Akili ikiondoka, mila huondoka nayo. Kichaa hana kabila." Maneno ya Sista Mkuu leo asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote wa wadi. Si kweli. Mwaka wa kumi na tisa huu nawatunza watu hawa, na sijamwona hata mmoja aliyechanganyikiwa kwa lugha ya wengine. Yule Msukuma wa kitanda cha pili hutukana kwa Kisukuma. Mzee anayejiita mfalme hadai kiti cha Uingereza. Anadai kiti cha Ihangiro, huku kwetu Uhaya, na anataka tumwamkie kwa magoti kama ipasavyo. Nilimwambia Sista hayo. Akasema hakuniuliza. Nikaendelea.

Mvua tangu alfajiri. Kushuka kutoka nyumbani Kibeta mpaka hapa Bukoba ni tope tupu. Niliwaosha wanaume, nikagawa dawa, nikaandika majalada ya pande zote mbili, kwa kuwa mimi ndiye dresa mkuu, msaidizi wa daktari, na mwandiko wangu unasomeka.

Upande wa wanawake, Kokubanza amepasua godoro tena. La nne. Huchana kitambaa, hutoa nyasi zilizo ndani, huzitandaza kwenye saruji na kulala juu yake. Ukimwinua anapiga. Nimeandika: "Anaharibu mali ya hospitali. Anakataa kitanda." Nimechoka naye.

Jumanne, 10 Aprili

Daktari ametoa orodha ya watakaopelekwa hospitali kubwa ya wendawazimu, kule bara. Meli ya Alhamisi tarehe 26, kisha treni. Kokubanza yumo, kwa penseli. Wino utatiwa siku ya Jumatano, kabla ya meli.

Nimewasindikiza wengi gatini. Sijampokea hata mmoja.

Alhamisi, 12 Aprili

Leo amekuja shemeji yake Kokubanza, Mwinjilisti Zakaria, kutoka Muleba. Koti jeusi, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Mtu wa watu waliookoka. Alitaka kumwombea. Nikamwambia aeleze kwanza ugonjwa ulianzaje. Kumbe mimi ndiye niliyepaswa kuuliza hilo siku ya kwanza.

Mume wa Kokubanza, mdogo wake Zakaria, alikwenda kisiwa cha Goziba kununua samaki wakavu. Mtumbwi ulizama. Maiti haikupatikana.

"Mkafanya matanga?" nikauliza.

"Tuliimba, tukasali, tukamaliza siku ileile. Sisi hatulali chini kama wapagani."

"Naye?"

"Ndipo pepo lilipomwingia. Akawa anakata nyasi anazileta ndani. Nazitupa, analeta. Nazitupa, analeta. Mwishowe akanirushia panga."

Nikaweka kalamu chini.

Mama yangu alipokufa tulitandika nyasi nyumba nzima, tukaketi juu yake, tukala juu yake, tukalala juu yake mpaka siku zilipotimia. Kila Mhaya anajua. Mtoto anajua. Na mimi nimemwona mwanamke huyu akitandika nyasi mara nne, nikaandika mali ya hospitali. Nilivaa koti jeupe nikasahau nimezaliwa wapi. Sista ni Mzungu, hakujua. Mimi nilijua.

Nimefungua jalada lake. Mistari minne, yote kwa mwandiko wangu. Ndiyo inayompeleka kwenye meli.

Jumamosi, 14 Aprili

Nimeonana na Daktari. Kijana, si mbaya, husikiliza akitazama dirishani. Nilimweleza habari ya nyasi. Akauliza: kwa hiyo mwanamke huyu si mgonjwa?

Nilitamani kusema si mgonjwa. Ningeshinda ubishi pale pale. Lakini ni mgonjwa. Anamsikia mume wake akiita kutoka ziwani, anamjibu, halali. Alimpiga mwuguzi Leokadia kwa bakuli la uji hata akashonwa. Nilisema: ni mgonjwa, na ni mfiwa. Tumetibu moja, na lingine tumelitia adabu.

Akasema nijaribu, bila fujo. Sista akasema hapana. Viroboto, funza, uchafu, hospitali si zizi. Nikasema mengi kwa sauti kubwa. Sasa nina onyo la maandishi, la tatu tangu nianze kazi. Nililisoma mara mbili. Kiingereza chake kizuri.

Jumatatu, 16 Aprili

Leokadia, mwuguzi wa upande wa wanawake, hakuomba ruhusa ya mtu. Ni mama mzima wa mtaa wa Bilele, Mkatoliki, mjane. Baada ya kugawa uji alikata nyasi nyuma ya chumba cha dobi, akaanika barazani mpaka umande ukauke, akatandika pembeni mwa chumba. Kisha akavua viatu, akaketi. Kokubanza alimtazama kwa muda mrefu. Akaja akaketi karibu naye. Akalia. Si kelele zile za kila siku. Kilio chenye jina la mtu.

Wanawake wengine wawili walikuja wakaketi. Hakuna aliyewaita. Mmoja wao hajasema neno tangu Krismasi.

Mfalme wetu alitoka uani akasimama mlangoni. Akavua kofia. "Poleni na msiba, watu wangu," akasema kwa Kihaya. "Ningeleta ng'ombe, lakini Wazungu wamemfunga." Leokadia akamwitikia kama anavyoitikiwa mfalme: "Tumepokea, waitu." Akaondoka taratibu, ameridhika.

Kokubanza amelala mchana wote bila sindano. Sindano kwa wiki tatu ilimwangusha tu. Leo alilala.

Nimeyaandika yote kwenye jalada. Safari hii nimeandika: "Anaomboleza."

Jumatano, 18 Aprili

Sista amezikuta nyasi. Wahudumu wawili, reki, moto nyuma ya jiko. Kokubanza alizifuata mpaka motoni, akaingiza mikono. Ameungua vidole. Akamng'ata aliyemshika. Kamba, sindano, chumba cha peke yake.

Jina lake kwenye orodha halipo kwa penseli tena, limetiwa wino. Daktari hakungoja Jumatano ijayo.

Leokadia ananiambia: "Wewe uliyesoma, fanya kitu basi. Kupiga kelele tumekuona."

Maneno hayo yaliniuma kuliko onyo la Sista. Niliporudi nyumbani niliandika barua kwa gazeti, kurasa tano, kali, yenye mifano. Nikaisoma. Nzuri. Nikaichana. Nimekwisha kuandika barua nyingi kali maishani mwangu, na hakuna hata moja iliyomrudisha mtu kwao.

Alhamisi, 19 Aprili

Nilikwenda kwa Daktari kwa upole. Sikujizoeza upole, ulinitoka kwa shida kama mtu anayekohoa mfupa. Nilisema: ikiwa hospitali haiwezi kuvumilia nyasi, nyumbani kwao kunaweza. Mpe likizo ya msiba. Dawa atakwenda nazo, nami nitamfuata kila Jumapili. Akafikiri. Akasema sheria inataka mkuu wa nyumba aje atie sahihi kwamba anampokea. Asipofika kabla ya meli, mgonjwa anasafiri.

Mkuu wa nyumba ni Zakaria.

Jumamosi, 21 Aprili

Lori la abiria mpaka Muleba, kisha miguu. Migomba inadondosha maji shingoni. Zakaria alinipokea barazani, hakunikaribisha ndani. Nilimweleza habari ya sahihi, akakataa. Nilimjibu kwa Maandiko, akanijibu kwa Maandiko. Nilimwita mkaidi, akaniita mwenye kiburi. Sote tulikuwa tumesema kweli. Tungeendelea mpaka mvua za vuli.

"Dresa, umesoma vitabu vyote," akasema, "lakini roho ya mtu huijui."

"Na wewe unayeijua, mbona umeileta kwangu?"

Alikuwa anafungua kinywa mama yake alipotokea mlangoni. Bibi mfupi, amejifunga kaniki. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Zakaria. Ndugu yako ni nani yako?"

"Ni ndugu yangu, mae."

"Amekufa?"

"Amekufa, mae."

"Basi kwa nini analiliwa na mkewe peke yake, tena kwenye nyumba ya vichaa? Mimi niliyemzaa mmenikalisha kwenye kiti kama niko harusini. Mmesema nisilie kwa sauti, nimekutii kwa kuwa wewe ndiye mwenye nyumba. Usiku huo sikulala na mpaka leo silali. Mbona mimi hukunipeleka Bukoba?"

Bibi alichukua mundu, akapita katikati yetu kwenda kukata nyasi. Mvua inanyesha. Zakaria alimwita mara mbili. Hakugeuka.

Nilimwachia Zakaria maneno haya tu: Jumatano, kabla ya saa sita mchana. Sikuongeza. Nilijivunia kutoongeza.

Jumatatu, 23 Aprili

Hakuna habari. Kokubanza yuko chumba cha peke yake, mikono imefungwa bandeji. Hali chakula. Leokadia anamlisha kwa kijiko, anatema. Nilimwambia kwa Kihaya kwamba mama mkwe wake anatandika nyasi. Alinitazama mara moja. Sijui kama alisikia, au kama ni mimi niliyetaka asikie.

Jumanne, 24 Aprili

Hakuna habari. Wahudumu wamefunga mizigo ya wasafiri. Fulana mbili mbili, blanketi, karatasi shingoni yenye jina. Sista ananisalimu kwa adabu. Naona heri angekuwa mkali.

Mgongo unaniuma. Nina miaka arobaini na minane, na nahisi nimeibeba wadi hii kichwani.

Jumatano, 25 Aprili

Saa tatu, hakuna mtu. Saa nne. Daktari aliniita mara ya kwanza. Saa tano na nusu akaniita tena, kalamu mkononi. Nilisema barabara imeharibika kwa mvua. Nilikuwa nasema tu.

Walifika saa sita kasoro kidogo, tope mpaka magotini. Lori lilikwama, wakatembea. Bibi alikuwa mbele, Zakaria nyuma amembebea kikapu. Daktari alisoma karatasi kwa sauti, nikatafsiri kila neno: vidonge asubuhi na jioni, asiachwe peke yake, asikaribie ziwa, akizidi arudishwe. Bibi aliitikia kila sharti kabla sijamaliza.

Zakaria akashika kalamu. Akasimama nayo. Nilimwona anasali, midomo inacheza. Akatia sahihi.

"Sijafanya kwa ajili yako," akaniambia.

"Najua."

"Wala sijabadili ninachoamini."

"Sikukuomba."

Kokubanza alipomwona mama mkwe wake alipiga magoti pale koridoni, kama mke yeyote mwenye adabu. Bibi akapiga magoti pia, jambo ambalo mama mkwe hafanyi. Wakashikana hivyo hivyo. Sista alipita. Akasimama, akawazunguka polepole ili asiwakanyage nguo. Akaenda zake.

Alhamisi, 26 Aprili

Meli imeondoka. Wamekwenda sita. Msukuma wa kitanda cha pili yumo. Sikuwa nimemuuliza chochote, yeye wala nduguze. Niliridhika kwamba namwelewa matusi.

Jumapili, 6 Mei

Muleba. Mvua imepungua. Nyumba imejaa watu wamekaa chini. Nyasi nene, mpya juu, za zamani chini. Wanawake wamenyoa nywele. Kokubanza katikati yao, kichwa kidogo kama cha msichana. Vidole vinapona. Nilivua viatu, nikaketi.

Amekula ndizi. Anakunywa vidonge, Bibi anahesabu. Nilimuuliza kama bado anamsikia mume wake. Akasema ndiyo, jioni, lakini sasa wengine nao wanamjibu, basi hachoki sana. Sijui niandike nini kwenye jalada kuhusu hilo. Hajapona. Anaweza kurudi wadini. Kwa leo yuko kwao.

Zakaria hakuingia ndani. Alikuwa uani siku nzima akipasua kuni za msiba, shati limelowa jasho. Nilipotoka alinipa kikombe cha maji. Tukanywa kwa zamu.

Kesho nitawasomea haya wenzangu, kabla ya kazi kuanza, na sitapaza sauti. Madresa na wauguzi wa wadi yetu, ninyi mnaoshika kalamu kama mimi: mgonjwa anapoletwa, mketisheni, mketi naye, mwulizeni kwa lugha yake ni nani aliyekufa kwao na alililiwa vipi. Asipoweza kujibu, waulizeni waliomleta. Andikeni jibu hilo juu kabisa ya ukurasa, kabla ya joto, kabla ya mapigo ya moyo. Nataka jambo hili lianze Jumatatu hii, kwa wagonjwa wanne walioletwa Ijumaa.