Titi Langu, Ushuhuda Wao

Jumatatu, 6 Mei
Nachambua maharage yaliyotoka Kiwanja tangu asubuhi. Mawe tupu. Mkono wa kushoto unauma hadi kwapani. Daktari amekataa kunipasua. Kansa hii ya titi ipigwe dawa kwanza, eti uvimbe ni mkubwa, usinyae ndipo wakate. Nimekasirika. Dawa ya jipu ni kulitumbua. Langu linabembelezwa kwa nini?

Jumamosi, 1 Juni
Nywele zimebaki kwenye kitambaa. Natapika. Hata harufu ya sombe, majani ya muhogo, siiwezi. Mama mkwe anawaambia majirani ni malaria. Malaria gani inanyoa kichwa?

Jumatano, 10 Julai
Uvimbe umesinyaa! Nimeutafuta kwa vidole, nimeukosa. Daktari alikuwa na haki, nimemwambia hivyo.
"Lakini tunapashwa kukata tu, ni lazima, mama," akasema. "Vidole haviwezi kujua yote."
Upasuaji ni mwezi ujao. Nilipofika nyumbani nikampa mume wangu habari ya kwanza. Ya pili hakuingoja. Alikuwa tayari amepiga magoti.

Jumapili, 14 Julai
Mume wangu ametoa ushuhuda kanisani. Bila kuniuliza! Amesimama mbele ya wote, akaninyooshea kidole: bibi yangu amepona. Wamama wa maombi wakanizunguka kwa vigelegele. Kurudi nyumbani, mbuzi wa shukrani ameshachinjwa. Wamekula titi langu wakalamba vidole.

Jumanne, 16 Julai
Sasa kupasuliwa ni kumwita Mungu mwongo. Mchungaji hakusema hivyo. Mume wangu ndiye anayesema.
"Mutu amepona, anakatwa nini tena?"
Anaogopa kurudi mbele kujikanusha. Basi mimi nife ili yeye asiaibike? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na mimi nasali. Nani kawaambia Mungu hatumii kisu? Wamama wamekuja kuniombea hasira initoke. Nimewafungia mlango. Hasira hii naihitaji.

Alhamisi, 8 Agosti
Nipo hospitalini. Dada yangu Solange amekuja kutoka Kalengera kunipikia. Mume hakunisindikiza. Alisema nikienda nimemvua nguo mbele za watu. Nimekwenda. Kesho wanakata. Naogopa sana.

Jumatatu, 26 Agosti
Mvua. Kidonda kinachelewa kufunga, bado nipo hapa. Mume wangu amekuja leo, mara ya kwanza. Amekaa ukingoni mwa kitanda, kofia mkononi. Daktari ametukuta hivyo, akatueleza sote wawili: ndani ya titi walilotoa ugonjwa ulikuwa bado upo, mdogo kama punje ya mtama. Wameutoa wote.
Mume wangu aliinama. Nilikuwa nimemwandalia maneno, makali, ya wiki nzima. Nimechoka. Nikamwomba tu anisogezee mto.
Ameuweka vibaya. Nimeuacha hivyo hivyo.