Mkono Unaootesha

Kwamndolwa, Korogwe
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Dada yangu Chausiku,

Assalaam alaykum, na shikamoo yangu itangulie mbele ya maneno mengine yote. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mazingara, shemeji Abdi mzima, na Shukuru wetu anaendelea kung'oka meno na kucheka bila aibu. Mahindi yamebeba? Na goti lako linasemaje na baridi hii? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio una neno, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Simu yako inashikwa na kila mtu, na ujumbe wangu wa sauti huwa unaufungulia uani huku unapepeta mchele, majirani wote wanasikia. Hii isome peke yako, tafadhali.

Leo rasharasha haijakatika tangu alfajiri. Milima imejifunika ukungu hadi shingoni, na nyuzi za mkonge walizosahau watu wa shamba kuzianua zimelowa, zimening'inia kwenye waya kama nywele za bibi akitoka kuoga. Siku kama hii wateja hawaji. Nakaa kwenye kiti changu mwenyewe cha saluni, mafuta ya nazi yananukia, na mara nakuona umekaa mkekani kwa bibi, mabega yako katikati ya magoti yangu, jua limekuangukia utosini. Sijui kama ni kukumbuka au ni kusinzia. Siku hizi sitofautishi vizuri.

Unakumbuka ilivyoanza? Mwaka ule bibi alitugawia mbegu za maboga watoto wote, na zangu tu ndizo zilizoota zote, hata ile iliyoangukia njiani. Bibi akaushika mkono wangu akauzungusha kama anaukagua, akatangaza kwamba huu mkono unaotesha. Basi! Kila msimu majirani wakawa wananiita nidondoshe mbegu ya kwanza shambani mwao. Na baada ya maboga vikaletwa vichwa. Kwetu mkono ni mkono tu, uwe kwenye udongo au kwenye utosi. Nilikuwa na miaka kumi na mbili na wanawake wazima wakipanga foleni.

Bibi ndiye aliyenifundisha kukaza. Alisema kichwa kisichouma hakijasukwa, kwamba nywele huvutwa mpaka zikubali kutoka. Nawe ulikuwa mbishi wewe! Machozi yanakutiririka, unaniambia nikaze. Wiki ya harusi yako nilikukaza mpaka ukashindwa kufumba macho sawasawa, tukacheka hadi shangazi Hamisa akatufukuza sebuleni. Ulikuwa mzuri, dada. Namshukuru Mungu kwamba siku ile nakumbuka kila kitu, hadi harufu ya hina.

Halafu nywele za mbele zikaanza kurudi nyuma. Kila ukija zimerudi kidogo zaidi, na mimi kila zikirudi nakaza zaidi, nikiamini nazivuta mbele. Ulipokuwa na mimba ya Shukuru, paji lako lilikuwa limerudi nyuma hadi usawa wa masikio, laini, linang'aa. Ukaanza kulala na kitambaa kichwani.

Siku ile uliyofungua sanduku la shangazi Hamisa kutafuta khanga, sihitaji kukusimulia. Ulikuta fundo la nywele zako limefungwa kwenye kitambaa chekundu, ukapiga kelele hadi majirani wakajaa uani. Ulimwita mchawi, shangazi aliyetulea tangu mama alipotutoka, ukasema amezifunga nywele zako zisiote tena. Yeye aliinama. Alizikunja khanga ulizozimwaga, moja moja, akazirudisha. Miaka saba sasa hujakanyaga hapa, na miaka saba shangazi hajambeba Shukuru hata mara moja.

Sasa nikupe habari za hapa, kisha nitafika ninapoogopa kufika. Saluni ina maneno hiyo! Emiliana wa genge la mboga alijipaka limau usoni akakaa juani ili atakate, akarudi na mabaka kama chapati, na bado anabisha kwamba limau halikuwa limeiva. Mwingine anapaka chunusi dawa ya meno, kila asubuhi ana madoa meupe, anasema zinakauka. Zinakauka wapi, wakati shavu ndilo linalobabuka? Zamani ningecheka nao tu. Mwaka juzi alikuja mteja mmoja, muuguzi anaitwa Grace, mtu wa Vugiri, mpole sana. Nilipoanza kukaza akaushika mkono wangu na kuniomba nilegeze. Nikamwambia kwa maringo kwamba mkono huu unaotesha, aulize mji mzima.

Hakunibishia. Alinionyesha kwenye kioo vile vipele vidogo vinavyotokea pembeni ya paji mtu akishasukwa, akasema kile ni kilio cha shina. Akanieleza kwamba nywele hazivutwi zikaja, zinaota zenyewe kutoka ndani, na shina likivutwa mwaka hadi mwaka linachoka, mwishowe linakufa, na ngozi ya juu yake inakuwa laini, inang'aa. Akasema likiwahiwa hupona, likichelewa mara nyingi basi. Alisema inang'aa, dada, kama paji lako. Kitana kilinidondoka.

Tangu siku hiyo nasuka kwa kulegeza. Wengine wamenihama, wanasema mkono wangu umeisha nguvu. Lakini wewe sikukuambia. Nilijisemea nitakuambia Idi, ikapita Idi. Nikasema nitakuambia nikija, nisije. Wiki iliyopita ukaniletea ujumbe kwamba likizo hii unamleta Shukuru hapa saluni, kwa shangazi hufiki, nimsuke kwa mkono uleule, nimkaze vizuri, maana nywele zake zinachelewa kurefuka.

Mchana ule nilisinzia hapa kitini. Nikaota nimechimba vishimo kwenye paji la Shukuru, nadondosha mbegu za maboga, na miche inachipua, inatambaa mabegani, inashuka barabarani hadi kwenu Mazingara. Watu wanapiga vigelegele. Mtoto ananitazama tu, halii, ananiambia nikaze. Niliamka nimelowa jasho.

Basi sikia, dada yangu, na ukitaka kunilaani nilaani ukishamaliza kusoma. Nywele zako hazikufungwa na mtu. Ni mimi nilizing'oa, kwa mikono hii, kwa kukupenda na kwa kujivuna. Na lile fundo kwenye sanduku la shangazi ni langu. Nilikuwa naokota zile zilizokatika nikikusuka, ndege wasizichukue ukaumwa kichwa, nikazifunga nizifukie shinani mwa maboga kama bibi alivyotaka. Sanduku lile lilikuwa karibu, nikazitia mle, nikasahau. Ulipopiga kelele nilikuwa nimesimama mlangoni. Neno moja tu lingetosha. Niliogopa nitaitwa mimi mchawi, nikanyamaza, nikaacha aitwe yeye.

Alhamisi nilipiga magoti mbele ya shangazi nikamweleza yote. Akasema anajua, aliniona siku ile nikizitia. Nilimuuliza kwa nini alikubali jina lile. Alisema mimi nilikuwa binti sijaolewa, yeye ni mzee, jina baya lisingemzuia kwenda popote. Halafu akasema alikuwa anangoja nikue. Nililia, dada, sijapata kulia vile.

Shukuru usimlete kusukwa. Mwache na nywele zake wazi, mpake mafuta, mchane taratibu, zitarefuka zikitaka. Zako za mbele kabisa sitakudanganya, huenda zisirudi. Za pembeni Grace anasema tujaribu, na yuko tayari kukuona ukija.

Jumamosi tunapanda basi la asubuhi la Handeni, mimi na shangazi. Atakuwa na mfuko. Humo mna magauni saba, kila Idi amemshonea Shukuru moja, akilipima kwa mtoto wa jirani mwenye umri wake, na kulilaza kwenye sanduku lilelile. Sita hayamtoshi tena. La saba, naomba Mungu, litamtosha. Kama hutaki kuniona nitabaki barabarani, wala sitalalamika. Yeye mfungulie.

Msalimie shemeji Abdi, wasalimie majirani wa upande wa kisimani, na Shukuru mbusu pajini, taratibu. Mungu awalinde wote.

Ni mimi mdogo wako,
Maryamu, mwenye mkono wa maboga tu