Ndara Iliyobaki Njiani

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, wifi na mtoto hamjambo. Huku tu wazima, ukiniacha mimi, ambaye uzima wangu unaujua: siku tatu kwenye mashine ya kusafisha damu, nne kwenye cherehani.

Miguu hainitulii. Nikijilaza inaniwasha kwa ndani, nainuka, nazunguka chumbani, narudi, nainuka tena. Shemeji yako anasema napiga cherehani hata kitandani, na asubuhi atanidai suruali. Nacheka naye, lakini nimechoka, kaka.

Juzi nilikwenda kununua vifungo nikarudi na ndara moja. Nyingine ilinivuka mguuni njiani nisijue. Muuza vitambaa jirani aliniletea, akanitania kuwa nimetajirika hadi natupa mali. Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia.

Daktari alinieleza tangu mwanzo kwamba figo zikifa, sumu inayobaki mwilini huharibu mishipa ya fahamu, na misuli nayo hulegea. Kila baada ya miezi mitatu hunifumbisha macho, hugonga chuma chake chenye ncha mbili, hukiweka kwenye kidole gumba cha mguu na kuuliza kama nahisi mtetemo, na nimwambie ukikoma. Alisema siku nikiacha kuuhisi, tusingoje tena, nipandikizwe figo.

Sasa nitasema. Nilipokuandikia kuwa majibu ni mazuri, nilikudanganya. Tangu mwaka jana sihisi kitu. Chuma kile kikigongwa huvuma, nami nilikuwa nikifuata mvumo kwa sikio; ukiisha, nasema mtetemo umekoma. Ulipoahidi kunipa figo yako, wifi alikuwa mjamzito, nawe kazi yako ni kupanda ngazi kupaka rangi maghorofa. Niliogopa kukulaza kitandani kwa ajili yangu.

Baada ya ile ndara nilimwambia daktari ukweli. Hakunigombeza. Alinipima upya, masikio nimezibwa pamba, na nilihisi mtetemo alipofika gotini tu. Akaniambia, "Mwandikie kaka yako leo."

Basi nakuomba ile figo, kaka. Nilijifanya siihitaji, kumbe naitaka sana. Ukishindwa, sitakulaumu.

Nisalimie mtoto. Wifi msomee barua hii yote, usiruke mstari. Figo ni yako, lakini mume ni wake.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi