Kiti cha Mama Yenu Kimekaliwa

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Dada mtu, nipigie pasi shati jeupe. Kitinda mimba, ~~mpigie fundi aje kung'oa spika ukumbini, nafunga kabisa~~ Nimerudi kutoka ukumbini: mwambie fundi asije!

Mnajua wakubwa wa vibali walivyotuamuru: muziki mwisho saa mbili usiku. Wao wanalala na kuku, basi watu wote tulale na kuku. Asubuhi nilikwenda ukumbini kufungasha vyombo vya muziki, nikawakuta mpiga gitaa na wenzake wanapiga wimbo wa kuagana. Kwa hasira nikasahau kufunga mlango. Kumbe ndiyo saa wauguzi wa zamu ya usiku wanarudi makwao. Mmoja akaingia, akakishika kile kiti cha mama yenu cha kukatia tiketi, nilichokipindua tangu tumzike, akakigeuza, akakaa. Nikafungua mdomo nifoke. Akavua viatu.

"Mzee, miaka yote napita hapa pamefungwa. Kumbe mnajua kupiga hivi?"

Wenzake wakajaa. Mlinzi mmoja akacheza na rungu lake! Hata mimi kiuno kilinisaliti, na msicheke.

Basi kuanzia kesho tunafungua saa moja asubuhi, tunafunga saa tano. Amri yao imetaja usiku tu. Wakanune huko ofisini.

Nimepitia kuchukua mto wa mama yenu, ule wa maua, msiutafute. Kiti kile ni kigumu, na muuguzi kasema kesho anarudi.

Baba yenu, mzee wa kununa (nimepumzika kidogo)